Amemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 16. Aende chuo sasa au asubiri?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzazi, nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Binti yangu wa kwanza alianza darasa la kwanza akiwa na miaka mitano, shule ikamrusha la pili, halafu ikamrusha tena la tano kwa kuwa aliwaacha wenzake mbali. Mwaka huu amemaliza kidato cha sita, kombi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), divisheni wani ya pointi nne, na pointi zikiwa chache ndiyo ufaulu mkubwa. Ana miaka 16, anatimiza 17 mwezi wa nane. Anataka udaktari, na anataka kuomba chuo cha Bugando hapa Mwanza na cha Muhimbili kule Dar es Salaam. Mjomba wake anasema tumpumzishe mwaka mmoja akue kwanza, ametutumia kwa Watsapu habari za mtoto wa Marekani aliyeingia chuo kikuu na miaka 11 akaja kuharibikiwa. Mama yake anasema akikaa nyumbani mwaka mzima ndiyo tumempoteza. Mimi nipo katikati. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, baba, na hongera sana. Pointi nne za PCB ni kazi kubwa hata kwa kijana wa miaka 20, na najua ada ya miaka yote hiyo ilitoka kwenye magunia ya dagaa.

Nakupa msimamo wangu mapema ili mengine uyasome ukiwa umetulia. Akipata Bugando na akawa analala kwenu, aende mwaka huu. Ikiwa ni Dar es Salaam, na kule hamna ndugu wa kumpokea nyumbani kwake, mimi ningemsubirisha mwaka mmoja, tena kwa mpango mliouandika na kuubandika ukutani. Anayekuambia miaka 16 ni midogo, au miaka 16 inatosha, kabla hajakuuliza mtoto atalala wapi, bado hajaligusa swali lako.

Nimekaa ofisi ya ushauri wa wanafunzi chuoni miaka mingi. Simkumbuki hata mmoja katika hawa wadogo wenye akili aliyeletwa kwangu kwa kuwa masomo yenyewe yamemzidi kimo. Waliletwa kwa habari za chumba, pesa, na upweke.

Namkumbuka kijana mmoja wa Ukerewe. Alikuwa na miaka 16 na miezi, hesabu alizifanya kama mtu anayesoma gazeti. Hosteli zilikuwa zimejaa, akapanga geto na wenzake watatu, wa mwaka wa pili na wa tatu, wote wana miaka 23 au 24. Kwao alilelewa vizuri, kwa hiyo kila asubuhi aliwaamkia: shikamoo kaka. Nao wakaitikia. Bumu la kwanza, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, lilipoingia, mmoja akamwambia, "Mdogo wangu, nikopeshe, Ijumaa nakurudishia." Kesho yake akaja wa pili. Wiki ya tatu kijana anashindia mhogo na karanga, na kitabu alichotakiwa kukitolea kopi hakukitolea. Alipofika ofisini kwangu alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi vizuri kabisa, ila mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Nikamuuliza kwa nini hawadai. Akanitazama kama vile nimemtuma akamtukane baba yake. Akasema, "Mwalimu, nitamdaije mtu ninayemwamkia?"

Baba, hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe. Kwetu umri una ngazi, na aliye ngazi ya chini ndiye anayetumwa maji, ndiye anayetumwa vocha, ndiye anayelala karibu na mlango, na ndiye anayenyamaza wakubwa wakiongea. Wala wale vijana watatu hawakuwa waovu. Walimtendea kama wanavyomtendea mdogo wao wa nyumbani, tofauti ni kwamba nyumbani kuna mama anayesema, "Mrudishie mwenzio hela yake." Mwaka ule alipata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Tulipomhamishia kwa mama yake mdogo, Mkolani, mwaka wa pili hakuwa na sapu hata moja. Kichwa kilikuwa kilekile na masomo yalizidi ugumu. Kilichobadilika ni pa kulala, na mtu mzima wa kumuuliza jioni, "Umekula?"

Sasa nije kwa mjomba. Mtoto ambaye mjomba amekutumia habari zake bila shaka ni William James Sidis. Aliingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, akahitimu 1914 akiwa na 16, baadaye akaipa kisogo taaluma, akaishi kwa kazi ndogondogo za ukarani mpaka alipofariki mwaka 1944, miaka 46. Habari hiyo ni ya kweli na inasikitisha. Ila mwambie mjomba amsome na Norbert Wiener. Huyu naye alianza chuo akiwa na miaka 11, Tufts, mwaka 1906. Akafika Harvard mwaka huohuo wa 1909, akapata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 18, na ndiye aliyekuja kuiasisi sibanetiki, elimu ya jinsi mashine na viumbe wanavyojiongoza kwa kupokea taarifa. Wiener alipoanza Tufts, familia yake ilihamia karibu na chuo. Mchana alikaa darasani na vijana wakubwa, jioni akarudi kula kwao. Sidis alikua huku magazeti yakimwandama, watu wakisubiri kumwona akipaa au akianguka. Watoto wawili hawatoshi kuthibitisha jambo, kwa hiyo sitakudanganya kwamba wanathibitisha langu. Lakini kama wawili hawatoshi, na yule mmoja wa Watsapu hatoshi.

Ushahidi mpana upo, na kwa sehemu kubwa unamuunga mkono mama. Mwaka 1971 Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alianza kuwafuatilia watoto wenye kipaji kikubwa cha hesabu. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na waliofuatiliwa ni zaidi ya watu 5,000. Walipotazamwa wakiwa watu wazima wa miaka 50 hivi, wale waliorushwa madarasa au kuwahishwa chuo hawakuonekana kuwa na maisha yenye huzuni au misukosuko kuliko wenzao. Hofu ya kwamba kurushwa kunamharibu mtoto moyoni haikupata pa kusimama. Ndiyo maana nakuambia binti yako asizuiwe kwa sababu ya tarakimu tu. Mtoto mwenye kasi akizuiwa bila sababu anayoielewa hujifunza jambo moja baya, kwamba kujitahidi kunaadhibiwa.

Matokeo hayo hata hivyo uyasome ukikumbuka yalitoka wapi. Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, kimekuwa kikipokea watoto wa umri mdogo tangu mwaka 1977. Hawawatupi tu katikati ya ukumbi wa watu mia tatu. Wadogo kabisa hupitishwa kwanza mwaka wa maandalizi, wana mahali pao pa kukutania, wana washauri wao, na wengi hurudi nyumbani kulala. Sisi huku, mwanafunzi wa miaka 16 anapewa fomu ileile, foleni ileile na kitanda kilekile cha mtu wa miaka 25 aliyeacha mke nyumbani. Mpango ambao wenzetu wanaupata chuoni, hapa lazima autengeneze mzazi. Ukitengeneza, akili yake itafanya iliyobaki.

Kuna na upande wa sheria, ambao wazazi wengi huugundua siku ya kwanza wakiwa wameshika begi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kinaanzia miaka 18. Maana yake laini ya simu itasajiliwa kwa namba yako, mkataba wa chumba utasaini wewe, na akilazwa akahitaji upasuaji watakutafuta wewe. Bugando ukitafutwa unafika kwa daladala. Muhimbili ukitafutwa uko zaidi ya kilomita 1,100, na simu imeita saa nane usiku.

Na kwa kuwa ni binti, niseme wazi, maana baba wengi hulizunguka jambo hili na mtoto hulikuta peke yake. Darasani kwake kutakuwa na wanaume wa miaka 22, 24, wengine wenye adabu nzuri sana, na kwao atakuwa mwanachuo kama wengine. Hawatajua ana miaka 17, na yeye hatapenda wajue. Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iko wazi kwamba kulala na msichana wa chini ya miaka 18 ni kubaka, hata kama alikubali. Rushwa ya ngono nayo ni kosa la jinai chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, awe anayeiomba ni mwajiri au mhadhiri. Mfundishe hayo mawili kwa maneno hayahaya, mama yake akiwepo. Asiyasikie kama kitisho cha "ukiharibu utaona". Ayajue kama haki yake, na ajue kwamba siku mtu akimgusia jambo la namna hiyo wa kwanza kupigiwa simu ni wewe, na wewe hutamuuliza alivaa nini. Nimekaa na mabinti waliochelewa kusema kwa miezi minne, mitano, kwa kuogopa baba atawaondoa chuo. Mwahidi leo kwamba hutamwondoa.

Kuhusu udaktari wenyewe, watu huogopa mwaka wa kwanza, habari za maiti kwenye maabara ya anatomia. Mimi mwaka wa kwanza haunitishi. Mtoto aliyekulia Kirumba akiona sangara wanapasuliwa alfajiri hazimii kirahisi, na anatomia ni kukariri na kuelewa, mambo anayoyaweza. Kinachonifanya nifikiri mara mbili ni mwaka wa tatu, wanapoanza kuingia wodini. Akianza sasa atafika wodini akiwa na miaka 19. Atasimama mbele ya mama wa miaka 40 aliyetoka Geita au Sengerema na kumuuliza maswali ya ndani ambayo kwetu binti wa umri wake hamuulizi mtu mzima. Ataona mtoto akifa. Wapo wanaolibeba jambo hilo wakiwa na miaka 19, na wapo wa miaka 25 linaowashinda, kwa hiyo sitakuambia umri ndio mzani. Ila kama angekuwa anakwenda kusoma takwimu au uhasibu, ningekuwa mwepesi zaidi kusema nenda. Kwa udaktari, natamani awe na mahali pa kurudi jioni akalie kama amepata siku mbaya. Hapo tena Bugando inamfaa zaidi, hata kama ni chuo binafsi na ada yake ni nzito kuliko ya chuo cha serikali. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unaombwa hata kwa chuo binafsi, kwa hiyo usikifute kabla hujaomba.

Mama yake namwelewa. Ameona mabinti wakikaa mwaka, na mimi nimewaona. Mwezi wa kwanza anapumzika, na amestahili. Mwezi wa pili dada yake anajifungua, nani wa kwenda kusaidia kama si yeye ambaye "yupo tu"? Mwezi wa nne ndiye mpishi wa nyumba. Mwezi wa sita analala na simu mkononi mpaka saa saba usiku, fizikia imeshaanza kufutika. Mwezi wa nane wageni wanakuja na maneno ya posa, na kwa kuwa hana ratiba wala barua ya chuo ya kuonyesha, kila mtu ndani ya nyumba anaona ni jambo la kuzungumzika. Hakuna aliyekaa akapanga kumharibia. Mwaka ulikuwa wazi, na kazi za nyumbani zikaujaza.

Ndiyo maana nikasema mpango uandikwe. Kama mtaamua asubiri, mwaka uwe na kazi yake. Asubuhi tatu kwa wiki afundishe tuisheni watoto wa kidato cha pili na cha tatu, sayansi na hesabu, wamlipe hata kidogo. Kumfundisha mwingine kutamzuia asisahau, na zaidi ya hapo kutamzoeza kusimama mbele ya watu na kusema "hapana, umekosea". Siku mbili aje Mwaloni ashike daftari la mauzo. Mpe kiasi cha pesa kwa mwezi, chake cha nauli, sabuni na chakula cha mchana, na kikiisha tarehe 20 usimwongezee. Bora ajifunze kwako kuliko kwa wale wa geto. Ajifunze kompyuta vizuri, kuandika na kutengeneza majedwali, maana chuoni kila kazi inachapwa. Na apate mahali pa kujitolea penye wagonjwa, zahanati au kituo cha wazee, hata kama kazi yake ni kupanga mafaili na kuwaelekeza watu mlango. Miezi miwili ya hapo itamwonyesha kama anaupenda udaktari au anapenda tu kuitwa daktari, na jibu lolote litakalotoka litakuwa limekuokolea hela.

Faida moja ya kusubiri watu hawaitaji. Mwezi wa nane mwakani anatimiza 18. Ataandikishwa NIDA, atasajili laini yake, atasaini karatasi zake, na miezi michache baadaye ataingia chuo akiwa mtu mzima mbele ya sheria. Kwa mtoto anayekwenda mbali, hiyo si faida ndogo. Wala mkopo hautamponyoka kwa ajili ya mwaka mmoja, kwa sababu miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni huwapokea waliohitimu kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Matokeo yake ya NECTA, Baraza la Mitihani, hayaozi. Hasara iliyopo ni ushindani: nafasi za udaktari ni chache na kila mwaka wenye pointi nzuri ni wengi, ingawa kwa pointi nne sioni kama atakosa.

Jambo ambalo barua yako haikulisema ni yeye mwenyewe anasemaje. Umeniandikia ya mjomba, ya mama, na yako. Muulize, lakini usimuulize sebuleni mbele ya wajomba, atakujibu anachodhani mnataka. Mchukue mpande kivuko cha Kamanga mwende na kurudi, mkae pembeni, uangalie maji na umuulize taratibu: ukifikiria chuo, kitu gani kinakuogopesha? Akikuambia anaogopa kushindwa masomo, mpe moyo aende. Akikuambia anaogopa kukaa na watu asiowajua, au akanyamaza muda mrefu halafu akasema "hakuna", usilipuuze. Hukuniambia pia kama jina lake lilitoka JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, wanakoitwa wahitimu wa kidato cha sita. Kama yupo kambini au amerudi, muulize alivyolala hanga (bweni) moja na wageni, nani alikuwa rafiki yake, alifanya nini alipoumwa. Hayo yatakuambia zaidi yangu.

Na mpime kidogo. Kabla vyuo havijafunguliwa, mpeleke kwa ndugu yeyote asiyemdekeza, Shinyanga au Musoma, akae wiki tatu. Mpe pesa ya wiki tatu mara moja, ajipikie, afue, arudi na chenji au bila chenji. Usimpigie kila siku. Angalia mambo mawili tu: je, alikupigia mwenyewe kabla jambo halijawa kubwa, na je, kuna siku alimkatalia mtu mzima ombi lisilofaa? Mtoto anayeweza kusema "samahani shangazi, hiyo hela ni ya nauli yangu" yuko tayari kwa chuo kuliko mwenye pointi tatu asiyeweza.

Kwa sasa aombe vyote viwili dirisha la udahili likiwa wazi, maana kuomba hakumfungi. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja atatumiwa namba ya kuthibitisha. Hapo msikimbilie kubonyeza kwa furaha ya siku ile. Akishathibitisha halafu asiende kusajiliwa, mwakani ataanza upya kuomba, na kuahirisha masomo rasmi kwa kawaida ni kwa aliyekwisha kusajiliwa, akiwa na sababu inayokubalika chuoni. Kwa hiyo uamuzi wa kwenda au kusubiri uwe umekwisha kabla ya namba ile kufika.

Ikiwa ni Bugando, nenda naye kwa miguu siku moja kutoka kituo cha daladala mpaka juu kilimani, saa moja asubuhi kisha tena saa moja jioni, mwone njia ilivyo giza linapoingia. Ikiwa ni Muhimbili, niandikie tena uniambie mnaye nani Dar, anaishi mtaa gani, na ana watoto wa umri gani ndani ya nyumba. Nitakujibu ndani ya wiki.